Zunilda na Mwanamke Asiyekubali Kutumwa

Zunilda Benegas alikuwa na shahada ya kilimo, cheti cha magonjwa ya mizizi, na miaka kumi na minne ya kazi katika kituo cha utafiti cha Potrero Yvate. Pamoja na hayo yote, kila asubuhi ya kazi, kabla hajagusa pingili moja ya muhogo, alikuwa anatwanga majani.

Majani yenyewe yalikuwa ya tereré, kinywaji baridi cha asubuhi. Mnanaa, mchaichai na mizizi michungu inayouzwa mafungu mafungu na akina mama wa pale njia panda, vyote aliviponda katika kinu kidogo cha mti, akavitia kwenye jagi la maji ya barafu. Kisha kikombe cha pembe kilizunguka mezani kutoka mkono hadi mkono, kila mtu akivuta kwa mrija uleule wa chuma, akisifu. "Zuni, leo umeua!" "Zuni, mkono wako una baraka!" Wakishashiba baridi ile, kila mmoja alishika njia yake kwenda shambani au kwenye gari, naye Zuni akabaki na jagi la kuosha.

Hakuna aliyemwajiri kutwanga. Hakuna barua iliyosema hivyo. Alipofika pale akiwa na miaka ishirini na saba, mwanamke pekee kati ya wahandisi kumi, mkurugenzi Don Anastasio Riveros alimtazama mwanzo wa kikao cha kwanza akasema, "Binti, wewe una sura ya mtu mwenye mwandiko mzuri. Hebu tuandikie muhtasari wa leo." Akaandika wa leo. Akaandika na wa wiki iliyofuata, kwa sababu daftari lilikuwa kwake. Madaftari ya vikao yalikuwa sasa yamejaza rafu mbili na nusu, yote kwa mwandiko wake, na ukiyasoma kuanzia la kwanza mpaka la mwisho ungedhani kituo kizima hakikuwahi kuwa na mtu anayeitwa Zunilda Benegas, maana mwandishi hana muda wa kusema.

Baada ya daftari yalikuja mengine, moja moja, kama wageni wanaokuja kulala siku mbili wakahamia kabisa. Keki za siku za kuzaliwa. Mashada ya maua mfanyakazi akifiwa. Simu za wakulima wenye hasira. Kumkumbusha Don Anastasio dawa yake ya presha. Kuwafundisha wahandisi wapya namna ya kukata pingili bila kuua macho yanayochipua. Hermenegildo, ambaye wote walimwita Gildo, alifundishwa na Zunilda mwenyewe kutofautisha mzizi uliooza na mzizi uliochoka kwa ukame. Alipofika hakujua. Sasa alikuwa mkubwa wake kwa daraja mbili, na akimpita kwenye veranda alimpigapiga begani. "Huyu ndiye mama yetu. Bila Zuni kituo hiki kinafungwa kesho."

Zunilda alicheka kila mara. Alikuwa na cheko maalumu la neno hilo.

Kazi yake ya kweli, ile aliyosomea, aliifanya Jumamosi. Katika shamba la nyuma, karibu na mfereji, alikuwa ameikuza kwa miaka minane aina ya muhogo aliyoiita thelathini na saba, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa namba ya kijiti chake cha alama. Mvua kubwa zinapotuamisha maji, muhogo mwingine wote wa nchi ile huoza na kunuka ndani ya siku nne. Thelathini na saba haikuoza. Wenzake walijua ipo, kama mtu anavyojua jirani ana paka.

Mwezi wa Machi akaja Marlene Duarte.

Alitoka mji mkuu, Asunción, umri wake miaka thelathini na mmoja, mfupi, miwani mikubwa, mabuti ya shambani yaliyopauka. Siku ya kikao chake cha kwanza Don Anastasio alifurahi mno.

"Tumepata mwanamke wa pili!" alisema akipiga meza. "Sasa Zuni atapumua. Marlene, mwanangu, shika daftari, leo andika wewe."

Zunilda alilisukuma daftari upande ule na moyo ukamruka. Alikuwa amemsubiri mtu huyu miaka kumi na minne.

Marlene alilitazama daftari, hakulishika. "Hapana, Don Anastasio. Mimi siandiki."

"Huandiki vipi? Umemaliza chuo kikuu hujui kuandika?"

"Najua. Ila nikiandika maneno ya wenzangu sipati nafasi ya kusema yangu, na nimekuja na mambo ya kusema."

Mtu mmoja alikohoa. Zunilda aliinamisha kichwa, akangoja. Alijua kabisa kitakachofuata: uso wa mkurugenzi utageuka mwekundu, sauti itapanda, na yule msichana atajuta kuzaliwa. Akangoja, akangoja. Gildo akaangua kicheko.

"Haya, haya, mwacheni mgeni. Mpeni Zuni, yeye kashazoea."

Daftari likarudi. Likateleza juu ya meza, likapita mbele ya mikono ya wanaume tisa, hakuna hata mmoja aliyelizuia, mpaka likasimama kifuani pa Zunilda. Kikao kikaanza. Marlene akasema mambo yake matatu, na Zunilda akayaandika.

Ile hapana ya Marlene haikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba hakuna kilichotokea. Ulikuwa mlango ambao ungeweza kusukumwa siku zote, na yeye alikuwa ameupita miaka kumi na minne akiamini umefungwa kwa kufuli. Kama Marlene angefokewa pale, Zunilda angempenda kama mdogo wake. Lakini Marlene alisema hapana, akasamehewa, akapewa na kikombe cha tereré. Alivuta mrija, akafumba macho.

"Mm! Tamu hii. Nani katengeneza?"

"Mimi," Zunilda alisema.

"Hongera, dada." Akapitisha kikombe.

Tangu siku hiyo kijiba cha roho kikamkaa Zunilda. Alianza kumtazama Marlene jinsi mtu anavyolitazama jino linalouma kwenye kioo, mara kwa mara, bila faida. Alijua Marlene ametoka saa ngapi na gari lipi. Alijua ana jozi tatu za soksi za kijani. Alimhesabia mara alizokataa: keki ya Gildo, hapana, kupanga viti vya wageni, hapana, kupokea simu wakati wa chakula, "hiyo simu ni ya wote, apokee aliye karibu." Na kila hapana ilipotoka, kazi ile ilizunguka angani kidogo ikatua kwa Zunilda. Hilo Marlene hakuliona, au aliliona akanyamaza, na Zunilda hakujua lipi baya zaidi.

Mwezi wa Julai Marlene alikuwa ameshatoa ripoti yake ya kwanza. Alichukua pingili mia mbili za thelathini na saba akazipanda Arroyito, kwenye mabonde ya wakulima. Aliomba ruhusa vizuri tu. "Dada Zuni, hii ni yako, jina lako litaandikwa. Mimi naijaribu nje tuone." Zunilda angesema nini? Yeye mwenyewe hakuwahi kupata siku ya kwenda Arroyito. Alitoa pingili zile kwa mkono wake, akizichagua nzuri, huku roho ikimchoma kama anayemvisha mwali mwingine nguo zake za harusi.

Jioni moja alimwambia mama yake, Ña Obdulia, ambaye aliishi naye na alikuwa na ulimi usiojua kubembeleza. Mama alikuwa akimenya muhogo wa chakula cha jioni.

"Hana adabu," Zunilda alisema. "Anajiona. Hata kikombe haoshi."

"Na wewe unakiosha?"

"Nani atakiosha, mama?"

"Sijui. Kina mikono mingi kituo chenu, tangu uanze kunisimulia." Ña Obdulia alitupa ganda. "Umemtaja huyo binti mara sita tangu tukae. Ungekuwa mwanamume ningesema umempenda."

"Mama!"

"Unamwonea gere, Zunilda. Sema tu, hapa tuko wawili. Mimi nilimwonea gere dada yangu miaka arobaini kwa sababu alikataa kumuuguza baba yetu na baba akaendelea kumpenda. Nikamuuguza mimi. Alikufa akimwita yeye."

Zunilda alisema hana gere na mtu. Akavuta sahani yake, akala.

Sasa, cheo cha mkuu wa programu ya muhogo kilikuwa wazi, na ofisi kuu ya mjini ilipanga kutuma wageni kumi na wawili kuja kuona mashamba kabla ya kumchagua mtu. Walikuwa waje Ijumaa, na ilishakubaliwa kwamba Marlene ndiye atawaonyesha muhogo wa hapo kituoni. Jumanne mchana simu ikalia: wageni wamebadili safari, wanakuja kesho yake, Jumatano.

"Zuni," Don Anastasio alisema akichungulia mlangoni, "wapashe wote habari. Usimsahau Marlene, maana kesho alikuwa aende Arroyito."

Aliwapasha wote. Gildo, mwenye mashine za umwagiliaji, dereva, wapishi. Kwenye karatasi aliyoandika majina aliyakata moja moja kwa kalamu, likabaki moja. Marlene alikuwa kitaluni, hatua hamsini. Zunilda alikwenda mpaka mlango wa kitalu. Alimwona amepiga magoti, akiimba peke yake, akiwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Alikuwa na raha ya mtu ambaye hajakatizwa tangu asubuhi. Zunilda hakukumbuka mara ya mwisho yeye kuwa hivyo. Akarudi ofisini, akamwambia mkurugenzi, "Wote wamesikia."

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi alimkuta Marlene akipakia gari. Kule Arroyito simu haikamati. Ilikuwa nafasi ya mwisho na wote wawili walisimama uso kwa uso.

"Umewahi leo, dada Zuni."

"Nina kazi nyingi."

"Nikuletee nini bondeni? Asali?"

"Nenda salama," Zunilda alisema.

Gari likaondoka, vumbi jekundu likapanda nyuma yake. Zunilda alibaki pale mpaka vumbi likatua. Kisha akaingia chooni akavaa blauzi ya bluu aliyokuwa ameificha kwenye mfuko, akapaka na rangi ya mdomo kidogo. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Marlene hayupo, wageni wanakuja kuona muhogo, na baada ya Marlene nani anaujua muhogo? Alikuwa ameyapanga maneno yake usingizini kama sala.

Saa mbili Don Anastasio alishikwa na wazimu. "Yuko wapi Marlene? Hajui leo ni leo?" Alitembea veranda nzima akijipangusa jasho, kisha akasimama mbele ya Zunilda, akaitazama blauzi yake, uso ukamlainika. Zunilda alinyoosha mgongo.

"Zuni, bora umevaa vizuri. Wewe ndiye nakutegemea leo."

"Niko tayari, Don Anastasio."

"Wageni kumi na wawili. Vimkate vya chipa viwe moto, nyama isikauke, na barafu iwepo ya kutosha. Gildo atawazungusha shambani."

Zunilda alidhani hakusikia sawasawa. "Gildo? Gildo ni mtu wa pamba. Thelathini na saba ni yangu, mimi ndiye naijua."

"Ndiyo maana nataka umpe makaratasi yako sasa hivi, ayasome haraka. Mwanangu, kila mtu na kipaji chake. Gildo huyo hata umwekee bunduki hawezi kupanga meza."

Angeweza kusema hapana. Alikuwa amelisikia neno hilo kwa miezi mitano, alijua jinsi linavyotamkwa, fupi, bila kuinua sauti. Mdomo wake ulifunguka. Kilichotoka ni, "Makaratasi yako kwenye droo ya pili."

Saa tano alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba lake mwenyewe akiwa na sinia la chipa, wakati Gildo, suruali imepigwa pasi, akiwaelezea wageni. "Sisi tuliichagua," alisema. "Sisi tuliona," alisema. Alisema pia kwamba ilipatikana kwa kuchanganya mbegu na muhogo wa Brazili, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Wivu aliokuwa ameufuga juu ya Marlene miezi yote ile ulikata kamba ukamrukia Gildo, ukakuta humo ndani kumbe una nyumba ya zamani, kubwa zaidi, ambayo hakuwahi kuifungua mlango.

Mgeni mmoja, mzee mwenye kofia ya majani, akauliza, "Ilikaa majini siku ngapi bila kuoza?"

Gildo alipekua karatasi. Akapekua tena.

"Siku tisa," Zunilda alisema. "Na mara moja kumi na moja, mwaka wa mafuriko, lakini hiyo siihesabu kwa sababu maji yalikuwa yanatembea."

Wote waligeuka. Mzee alimtazama yeye, akatazama sinia, akachukua chipa moja, akacheka kwa furaha ya kweli. "Ajabu ya kituo hiki! Hata wapishi wanajua kilimo!"

Wakacheka wote. Don Anastasio alicheka. Gildo alicheka, akampiga Zunilda begani kama kawaida yake. Zunilda alilitafuta lile cheko lake maalumu akalikosa. Alikwenda jikoni, akaweka sinia chini, akamwambia mpishi kwamba moshi umemwingia machoni.

Marlene alirudi jioni akiwa na chupa ya asali. Habari alizipata kwa dereva kabla hajashuka garini. Asubuhi iliyofuata alimfuata Zunilda kwenye ghala la pingili, akasukuma mlango ukafunga.

"Niambie kitu kimoja tu. Ulisahau, au ulikusudia?"

Zunilda alikuwa ameandaa neno "nilisahau". Lilikuwa neno zuri, lenye kuaminika, mtu mwenye kazi nyingi kama yeye husahau. "Nilikusudia," alisema.

Marlene aliketi juu ya gunia. "Kwa nini? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Hiyo ndiyo shida. Unakataa, wanacheka, wanakuacha. Unakwenda zako bondeni. Mimi nikibaki naokota ulivyokataa. Nakuona unapita na mabuti yako nasema, huyu kafika jana. Huyu ana nini ambacho mimi sina? Nilitaka siku moja tu uwe umekosa kitu."

"Siku moja!" Marlene alicheka bila furaha. "Sikiliza, dada. Mahali nilipofanya kazi kabla ya hapa, mimi ndiye nilikuwa Zuni. Miaka sita. Muhtasari, keki, maua, mpaka kumnunulia mkurugenzi zawadi ya mkewe. Walipopunguza watu, wakanipunguza mimi, maana walisema sina utafiti wa kutosha. Na unajua nani aliagiza keki ya kuniaga?"

"Nani?" Zunilda aliuliza.

"Mimi! Waliniambia, Marlene, wewe unalijua duka. Nikaenda. Nikachagua ya nazi. Nikawaambia waandike jina langu juu, nikalisoma herufi kwa herufi wasikosee."

Kisha Zunilda, bila kutaka, alipasuka kicheko, akaziba mdomo kwa kiganja, na Marlene naye akacheka, lakini si muda mrefu.

"Unadhani hawanifanyi kitu?" Marlene alitoa karatasi iliyokunjwa mfukoni. Ilikuwa tathmini yake ya nusu mwaka, yenye sahihi ya Don Anastasio. Kazi: nzuri sana. Ushirikiano na wenzake: mbovu. Moyo wa kujitolea: hana. "Kwa karatasi hiyo, cheo nisingepata hata kama ningewazungusha wageni mgongoni. Kila nikisema hapana magoti yananitetemeka chini ya meza. Wewe hukai upande wangu, huoni. Na nilipoona kazi zinakuangukia wewe, niliona, usidhani sikuona. Nikajiambia, ana mdomo, aseme mwenyewe. Hilo ni kosa langu." Alisimama. "Lakini la jana ni lako. Sitakushtaki. Ila sijakusamehe bado, nisikudanganye."

Akatoka. Chupa ya asali aliiacha juu ya gunia, na Zunilda hakujua kama ameisahau au ameitoa.

Jumatatu kulikuwa na kikao. Jambo la kwanza lilikuwa pongezi kwa Gildo. Jambo la pili Don Anastasio alilisema akiwa amekunja uso. "Injinia Marlene Duarte hakuwepo siku ya wageni, bila taarifa wala udhuru, na amekiaibisha kituo. Andika hivyo, Zuni, neno kwa neno. Litakwenda ofisi kuu."

Marlene alitazama dirishani. Zunilda hakuyaona magoti yake, meza iliyaficha.

Kalamu ilikuwa mkononi. Aliandika "Injinia Marlene Duarte hakuwepo". Akafika hapo akasimama. Miaka kumi na minne alikuwa ameandika mengi ambayo watu walisema, ya kweli na ya uongo, na uongo wa watu haukuwa wake. Huu ulikuwa wake.

"Siandiki hilo," alisema.

"Umesemaje?"

"Si kweli, Don Anastasio. Ulinituma nimwambie, sikumwambia."

Mkurugenzi alishusha pumzi. "Aa, ulisahau. Basi, binadamu husahau, una mambo mengi..."

"Sikusahau. Nilifika mpaka mlango wa kitalu nikarudi. Asubuhi nilimwona anapakia gari nikamtakia safari njema. Nilinyamaza kwa wivu."

Gildo alipiga mbinja ya chini. "Wanawake wawili tu, tayari ngumi!"

"Nyamaza, Gildo," Zunilda alisema, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema hivyo kwa mtu yeyote pale. "Nilidhani akikosekana nitaitwa mimi kuonyesha muhogo wangu. Niliitwa kubeba sinia. Ukasimama wewe ukasema ni wa Brazili."

"Tusiandike haya," Don Anastasio alisema haraka. "Haya ni ya ndani."

"Mwandike msiandike, si juu yangu tena." Alifunga kalamu, akaiweka juu ya daftari, akalisukuma. Liliteleza, likapita mikono ya wanaume wawili waliojikunja kama limewaka moto, likasimama mbele ya Gildo, ambaye alichelewa kuondoa kiwiko.

"Mimi mwandiko wangu mbaya," Gildo alisema.

"Utazoea. Mimi nilizoea."

Zunilda alipewa barua ya onyo, na haikumshangaza, aliistahili. Ilibandikwa kwenye faili lake na alitia sahihi bila kubisha. Majani ya tereré hakuyatwanga tena. Kwa wiki tatu kituo kizima kilikunywa maji ya bomba na watu walikuwa na hasira kama wanaofunga, mpaka fundi wa umwagiliaji alipoanza kuleta jagi lake kutoka nyumbani, tereré chungu kupita kiasi. Muhtasari uliwekewa zamu. Zamu ya kwanza ilikuwa ya Gildo, na hapa ndipo Zunilda alipopata mtihani ambao hakuutegemea: kurasa mbili tu zilizojaa makosa, Don Anastasio akazisoma kwa sauti, watu wakapiga makofi. "Mtazameni mwanamume huyu," mkurugenzi alisema, "mhandisi mkubwa, na hakudharau kuandika!" Ikaenda barua ya pongezi. Kwa rafu mbili na nusu Zunilda hakuwahi kupata hata nusu ya barua. Usiku ule alilia kwa mama yake kama mtoto aliyenyang'anywa.

"Lia," Ña Obdulia alisema. "Lakini kesho nenda shambani."

Cheo alipewa Gildo. Wageni walimkumbuka yeye, kwa kuwa yeye ndiye waliyemwona akisema. Hata hivyo hakuweza kuandika ripoti moja ya muhogo bila kuwaendea wanawake wale wawili, na safari hii hawakumwandikia. Walimwambia watamwandikia pale majina yao yatakapokuwa juu ya karatasi. Alinuna miezi miwili, akakubali. Thelathini na saba ilisajiliwa mwaka uliofuata, na kwenye mstari wa aliyeizalisha pameandikwa Zunilda Benegas, bila mtu mwingine.

Yeye na Marlene hawakuwa marafiki wa kutembeleana. Walifanya kazi pamoja. Marlene alimsamehe polepole, kwa vipimo, na Zunilda hakumharakisha. Alianza kwenda Arroyito Jumanne na Alhamisi, siku za kazi, mchana kweupe, na wakulima wa bondeni wakamzoea.

Ila wivu haukumtoka wote. Mwezi wa Septemba barua ilikuja ikimwalika Marlene kwenda mji wa Encarnación kuzungumza mbele ya watu mia tatu kuhusu muhogo wa mabondeni. Waliisoma garini, wamesimama kando ya njia, Zunilda akiwa ameshika usukani. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akamrudishia.

"Nakuonea wivu," alisema. "Nakwambia mapema, nisije nikakuficha jambo tena."

Marlene aliangua kicheko. "Twende wote. Nusu useme wewe."

"Mimi? Mbele ya watu mia tatu? Nitakufa."

"Utatetemeka. Kuna meza, hawataona."

Zunilda alitia gia. Mbele yao njia ilikuwa imekatwa na maji, na kwa mbali mkulima mmoja alikuwa akiwapungia kofia awaonyeshe pa kupita.

"Nusu ya kwanza au ya pili?" aliuliza.